Mhariri, waliopo pichani wana majina

Mhariri, salamu sana na pole kwa kazi.

Nakuandikia kuhusu ule ukurasa wa picha za wasomaji mliotoa juzi, ule mliosema tutume picha za familia zetu na za kule tulikozaliwa. Niliuangalia wote, nikalikunja gazeti, usiku nikalifungua tena maana kuna kitu kilikuwa kinanikereketa na sikukijua mpaka nilipoanza kusoma maneno ya chini ya picha moja moja. "Wanafamilia wakiwa katika picha ya pamoja." "Familia ikifurahia mapumziko." "Muonekano wa mji nyakati za jioni." Picha kumi na moja, watu nilihesabu hamsini na mbili, jina hata moja hamna. Na karibu wote wamevaa nguo za kutokea, wamepangwa mstari, warefu nyuma watoto mbele, macho kwenye kamera. Mji nao umepigwa kwa mbali, kwa juu, jua linazama, hata mtu aliyezaliwa hapo akitafuta nyumba yao haioni.

Najua mmechapisha mlichotumiwa, na tuliotuma ni sisi. Kwa hiyo barua hii ni ya wasomaji wenzangu pia, na nitaongea kwa kirefu kidogo unisamehe, ukiona ndefu punguza ila sehemu ya mama naomba usiikate.

Kwetu mwenye kamera alikuwa mama. Ilikuwa kamera ya filamu, ya kuzungusha kwa kidole gumba kila ukishapiga, na filamu moja ni picha 36 basi, kwa hiyo hakuna kuchezea, akiinyanyua mnajua kabisa sasa anapiga. Alitupiga sisi, alipiga majirani, alipiga baba akishona kiatu chake mwenyewe pale kizingitini, alipiga ukuta wa nyumba ulipopasuka kwa mvua. Alipofariki tukakaa sakafuni na wadogo zangu tukamwaga albamu zote kutafuta picha yake moja, picha zilikuwa zinapita mia nne, na mama alikuwemo kwenye nne tu. Mbili ni za pasipoti. Moja ya harusi ya mtu, yuko nyuma kabisa amezibwa nusu uso na bega la mgeni. Ya nne amegeuka, anaonekana kisogo na mkono mmoja umeshika pazia. Mtu aliyetutunzia maisha yetu yote ndani ya zile albamu, yeye mwenyewe hakutunzwa na mtu. Tulikuwa na mikono, tulikuwa na macho, hatukuwahi hata siku moja kumwambia mama lete hiyo kamera na wewe ukae.

Na kabla hujaniambia kwamba siku hizi kuna simu, simu nilikuwa nayo. Miaka yake mitatu ya mwisho nilimpiga picha nyingi na vivideo vifupi, kuna kimoja anachambua maua anaongea peke yake hajui kama namrekodi. Vyote vilikuwa kwenye simu moja. Simu ikazima siku moja haikuwaka tena, nikaipeleka kwa fundi, akakaa nayo wiki mbili, akanirudishia akasema memori imeungua hamna kitu kinachotoka. Simlaumu fundi. Nilikuwa na muda wa miaka mitatu kuvihamisha na sikuvihamisha, nilikuwa najisemea wikiendi hii, wikiendi ijayo.

Kwa hiyo ninapoona ukurasa mzima wa sherehe na machweo nasikia uchungu kidogo, sio kwa ubaya, ni kwa sababu najua wenye picha hizo ipo siku watakaa sakafuni kama sisi watafute mtu wao alivyokuwa siku ya Jumanne tu ya kawaida, na hawatampata.

Halafu nimekuja kugundua kitu kilichonipa moyo sana. Nilianza kusoma habari za picha zilianzaje, na karibu kila hatua kubwa naikuta nyumbani kwa mtu. Ile picha ya zamani kuliko zote za kamera zilizobaki duniani, ya Mfaransa Nicéphore Niépce, ya mwaka 1826 au 1827, ni nini? Ni mandhari ya dirishani kwake, dirisha la juu, mapaa na kuta za nyumba za uani. Alipaka lami kwenye bamba la madini akaliacha kwenye kamera masaa mengi mno mpaka jua likawa limezunguka, ukiiangalia kuta za kulia na za kushoto zote zina mwanga kana kwamba ni asubuhi na jioni kwa pamoja. Angeweza kutafuta kanisa kubwa au ikulu. Alipiga kwao. Muingereza Henry Fox Talbot mwaka 1835 naye alipiga dirisha la nyumba yake, kwa visanduku vidogo vya mbao alivyokuwa anavitega huku na huku mpaka mke wake akaviita mitego ya panya. Mwaka 1840 hivi kule Marekani John William Draper alimkalisha dada yake juani sekunde 65 bila kutikisika ili sura itoke, na ile sura ni moja ya sura za kwanza kabisa za binadamu kutoka vizuri, na ni dada wa mtu.

Njoo mbele. Mwaka 1957 Mmarekani Russell Kirsch na wenzake walitengeneza mashine ya kuskani picha kuiingiza kwenye kompyuta, hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake, na picha aliyoileta kujaribia ilikuwa ya mtoto wake mchanga wa miezi mitatu. Nukta 176 kwa 176. Simu ya kawaida leo inatoa nukta mamilioni, na zote ni wajukuu wa kile kichanga. Na Juni 11, 1997 Philippe Kahn akiwa hospitali ya wazazi kule California, mke wake anajifungua, aliunganisha kamera na simu na kompyuta yake pale pale akatuma picha ya binti yake kwa watu zaidi ya 2,000, na hiyo ndio inayohesabiwa picha ya kwanza ya simu kutumwa papo hapo. Dirisha la nyumbani, dada, mtoto, mtoto. Sasa mtu akikuambia kupiga nyumbani kwenu ni kupoteza filamu, au kwamba pale kwetu hakuna cha kupiga, muonyeshe hiyo orodha.

Maana hilo ndio neno ninalolisikia kila siku, "kwetu hakuna cha kupiga". Tunatoka na simu zetu tunaenda mji wa watu tunapiga kila ukuta, kila taa, tukirudi kwetu simu inakaa mfukoni. Kwa sababu tumezoea. Jicho likishazoea kitu linakiruka, na unachokiruka ndicho kitakachoondoka bila kuaga. Mlango wa zamani utabadilishwa na hutaona, njia mliyokuwa mnapita kwenda shule itachongwa barabara, mti utakatwa, na ukija kuulizwa ulikuwa upande gani mtabishana ndugu watatu kila mtu anaonyesha kwake.

Kuna picha ya Mfaransa Daguerre, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, ya mtaa wa Boulevard du Temple kule Paris, ya 1838 hivi, naipenda sana kwa sababu hii. Mtaa ulikuwa umejaa watu na magari ya farasi, lakini kamera za wakati ule zilihitaji dakika kadhaa kushika mwanga, kwa hiyo kila kilichokuwa kinatembea hakikutoka, mtaa unaonekana mtupu kama usiku wa manane. Isipokuwa mtu mmoja pale chini kwenye kona, amesimama mguu umenyanyuliwa anasafishwa viatu. Huyo alibaki kwa sababu alitulia mahali pamoja akifanya jambo dogo la kila siku, na leo anatajwa kama binadamu wa kwanza kuonekana kwenye picha. Hakuvaa kwa ajili ya picha, hakujua kama anapigwa. Jina lake halijulikani mpaka leo na hilo nitalirudia huko chini.

Kuna watu wameyafanya haya kwa moyo kweli na tunaweza kuiga. Milton Rogovin wa mji wa Buffalo kule Marekani, kazi yake ilikuwa kupima watu macho na kuwatengenezea miwani, mwaka 1972 akaanza kupiga watu wa mitaa ya maskini iliyokuwa karibu na ofisi yake, wamesimama mlangoni kwao, wamekaa kwenye makochi yao. Hakuwapanga, alikuwa anawaacha wakae wanavyotaka na anawapelekea nakala. Baada ya miaka kumi na kidogo akarudi kuwatafuta wale wale, akawapiga tena, akarudi tena miaka ya tisini, akarudi tena akiwa mzee wa miaka tisini na kitu. Ukiziweka pamoja unamuona binti wa pozi za ujana anakuwa mama, anakuwa bibi, kochi linabadilika, ukutani picha zinaongezeka, mtu aliyekuwa pembeni hayupo. Hakuna maneno yanayohitajika. Na mpiga picha Nicholas Nixon kuanzia 1975 alikuwa anampiga mke wake pamoja na dada watatu wa huyo mke kila mwaka picha moja, wamesimama mpangilio ule ule kushoto kwenda kulia, zaidi ya miaka arobaini. Picha moja kwa mwaka! Nani kati yetu anashindwa picha moja kwa mwaka.

Yupo pia LaToya Ruby Frazier, huyu yuko hai na anafanya kazi mpaka leo, kwao ni Braddock kule Pennsylvania, mji uliojengwa juu ya kiwanda cha chuma na ukabaki kuhangaika kazi zilipopungua. Alianza akiwa binti mdogo kumpiga bibi yake, mama yake, na yeye mwenyewe, humo humo ndani, vitandani, wakiumwa, wakikasirika. Hakungoja mji upendeze ndio aupige. Kitu nilichokipenda zaidi kwake ni kwamba kamera ilikuwa inapita kwa mama pia, mama naye anampiga binti, wanapigana picha kwa zamu. Nilipolisoma hilo nilikaa kimya muda mrefu, nafikiri unajua nilikuwa namfikiria nani.

Sasa niseme nilichokifanya mimi, maana nimeongea sana za watu.

Katika zile picha mia nne kuna moja tuliyokuwa tumeiweka pembeni tukidhani imeharibika. Tumesimama watoto watatu mbele ya ukuta wa nyumba, tumekunja sura, jua linatupiga machoni, kwa sababu zamani wapiga picha walikuwa wanaambiwa jua likae mgongoni kwao. Na kwenye mchanga mbele yetu kuna kivuli kirefu kinakuja mpaka karibu na miguu yetu. Tulikuwa tunaona ni uchafu wa picha. Usiku ule pale sakafuni mdogo wangu wa mwisho akaichukua akaisogeza kwenye taa akasema, huyu si mama. Viwiko viwili vimenyanyuka pembeni kama masikio, kichwa kimeinama kidogo kwa kulia, khanga imefungwa kiunoni inaonekana mpaka fundo lake. Ni yeye kabisa. Ndiyo picha yake nzuri kuliko zote tulizonazo na kumbe ilikuwa miaka yote kwenye bahasha ya zilizoharibika.

Nikatoa nakala ya ile picha nikarudi nyumbani kutafuta pale aliposimama. Hili jambo linawezekana na halihitaji utaalamu, nawaelekeza wenzangu. Chukua vitu viwili kwenye picha ya zamani, kimoja cha karibu na kimoja cha mbali, kwetu ilikuwa nguzo ya mbele na ukingo wa dirisha nyuma yake. Kwenye picha nguzo inagusa ukingo. Unasogea kushoto kulia mpaka nguzo iguse ukingo vile vile, ukishapata hapo unasogea mbele na nyuma mpaka ukubwa ulingane, halafu angalia kimo, mama alikuwa mfupi kuliko mimi ikabidi nipinde magoti. Usizumu, tembea. Kama unataka na vivuli vilingane inabidi uende mwezi ule ule na saa ile ile, mimi nilikisia kwa urefu wa kivuli na kwa jino langu lililong'oka, nilikuwa na miaka saba hivyo ilikuwa kipindi cha likizo ndefu. Nikaenda siku tatu mfululizo jioni. Siku ya tatu mawingu yakaachia, wanangu wamesimama ukutani wanalalamika jua, nikanyanyua simu, nikaangalia chini, kivuli changu kimeangukia pale pale kilipoangukia cha mama, viwiko vimenyanyuka. Nilishindwa kubonyeza kwa muda. Watoto wakauliza mama vipi, nikawaambia tulieni kidogo.

Tangu siku hiyo napiga kwetu kama mgeni. Nikienda kusalimia napiga mlango kwanza, kitasa chake kilivyolika, halafu natoka nje napiga njia pande zote mbili nikiwa nimesimama katikati. Napiga mikono ya shangazi, maana sura anakataa, anasema amezeeka, lakini mikono hakatai. Napiga watu wakiwa kwenye shughuli zao, bila fleshi, nawasogeza tu karibu na dirisha kwa sababu mwanga wa dirisha unatosha na hauumbui mtu. Watoto nawapiga nikiwa nimechuchumaa, ukimpiga mtoto kwa juu unapata kichwa kikubwa na miguu midogo, ukishuka unampata yeye. Na kabla sijaondoka nampa mtu mwingine simu, nakaa na mimi, hata kama nimechoka, hata kama nywele hazijakaa sawa. Hili nimelifanya sheria. Wanangu hawatanitafuta kwenye vivuli.

Sipigi kila kitu lakini. Mtu akisema usinipige sipigi, hata kama ni mdogo wangu, hata mtoto wa miaka mitano akisema hapana ni hapana. Na kuna picha za ndani zinabaki ndani. Naona wazazi wanaweka mitandaoni watoto wao wakiogeshwa, wakilia, wakiwa hospitali wamechomekwa mipira, yule mtoto atakua na ile picha itakuwa imeshasambaa kwa watu asiowajua na hakuna wa kuirudisha. Kupiga na kusambaza ni mambo mawili. Halafu simu nyingi zinaandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, hiyo ni nzuri kwa kumbukumbu zako, ila ukimtumia mtu usiyemjua faili lenyewe kama lilivyo unaweza kuwa unampa na mahali unapoishi, kwenye setingi unaweza kuzima.

Sasa majina, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Baba aliacha picha moja ya ujana wake, amesimama na kijana mwingine wameshikana mabega, wanacheka sana. Nyuma ameandika kwa wino: "Mimi na rafiki yangu." Basi. Yeye alikuwa anajua ni rafiki gani, kwa nini aandike? Na sasa hakuna mtu hata mmoja aliye hai anayemjua yule kijana. Naangalia sura yake nzuri ile, najua alimpenda baba yangu na baba alimpenda, na sijui hata nimuite nani.

Hata wakubwa imewakuta. Mpiga picha Seydou Keïta wa Bamako kule Mali, mjomba wake alimletea kamera ndogo mwaka 1935 akiwa kijana, akajifunza kwa kupiga watu wake wa karibu, 1948 akafungua studio yake, akapiga watu wa mji wake kwa maelfu na kutunza negativu zake vizuri ajabu. Mwaka 1991 picha zake zikaonyeshwa New York kwenye maonyesho makubwa, watu wakashangaa uzuri wake, na pale kwenye jina la mpiga picha ikaandikwa hajulikani. Hajulikani! Mtu yuko hai, yuko nyumbani kwake Bamako, mtaani wote wanamjua. Ikabidi mtu apande ndege aende na nakala za picha mkononi kuulizia, na kufika tu akaonyeshwa ni nani. Kwa hiyo kutojulikana mara nyingi ni uvivu wa anayeandika tu, waliokuwa wanajua walikuwepo, hawakuulizwa.

Waulizeni sasa. Kaa na bibi, kaa na mjomba, chukua albamu, anzisha rekoda ya simu uiweke mezani, ugeuze ukurasa mmoja mmoja na kuuliza huyu nani, huyu nani, hapa wapi, mwaka gani. Mtapata na hadithi ambazo hamkuziomba. Andika nyuma ya picha kwa penseli laini, taratibu, picha ikiwa imelala kwenye kitu kigumu, pembeni sio katikati. Kalamu ya wino inakandamiza inatokea mbele na wino wake unahamia picha ya jirani yake. Picha za karatasi za plastiki zisizopokea penseli ziweke kwenye bahasha uandike bahasha. Zile albamu za kurasa zenye gundi na plastiki juu, nazijua kila nyumba inazo, zinakula picha, gundi inageuka njano na picha hazibanduki tena, kama bado zinatoka zitoeni taratibu, zikigoma msivute, pigeni picha ya ukurasa kama ulivyo. Na za rangi zisikae ukutani juani, rangi zake zinafifia, nyeusi na nyeupe zinavumilia zaidi.

Picha ikilowa usitupe. Baada ya tsunami ya Japani ya mwaka 2011 watu wa kujitolea waliokota picha za watu kwenye matope kwa malaki, wakazisuuza kwa maji na brashi laini, wakazianika kwenye kamba kama nguo, wenyewe wakaja kutafuta sura zao ukumbini. Watu waliopoteza nyumba nzima walikuwa wanakuja kutafuta picha. Ukipata mafuriko kwako fanya hivyo hivyo, usiziache zikauke zimegandana, suuza maji baridi masafi, anika kivulini.

Na za simu, mimi ndio wa kuambiwa. Nakala tatu, mahali pa aina mbili, moja ikae nje ya nyumba yako. Simu, diski, na nyingine kwa ndugu yako au kwenye hifadhi ya intaneti, vyovyote. Ukituma kwenye grupu la familia WhatsApp picha inabanwa, inapungua, na ile tarehe iliyofichwa ndani ya faili inaondoka, kwa hiyo anayepokea anajua tu siku uliyomtumia. Tuma kama dokumenti inakwenda nzima. Na kila mwaka chagua chache, hata ishirini, uzichape kwenye karatasi. Karatasi haidai chaji wala neno la siri, mtoto anaifungua mwenyewe.

Basi ombi langu kwako Mhariri ni hili. Ule ukurasa usiufute, naupenda, ila badilisha mnachoomba. Ombeni picha za siku ambayo hakuna kilichotokea. Kizingiti, uwani, njia ya nyuma, baba anaweka betri kwenye redio, dada anasuka nywele za mwenzake. Na msichape picha ambayo mtumaji hajaandika majina ya waliomo wote kutoka kushoto kwenda kulia, na mwaka, na jina la aliyepiga, huyo aliyepiga msimsahau nawaomba sana. Kama kuna mtu hajulikani waandike hivyo wazi, na waulize, "Huyu ni nani?" Gazeti linasomwa na wengi, mtu anaweza akainua simu akasema huyo ni kaka yangu.

Nimekuambatanishia picha mbili kwenye bahasha hii, nakala, sio lazima uzirudishe. Ya kwanza ni ile ya ukutani. Kushoto ni mdogo wangu wa pili, katikati mimi sina jino, kulia ni mdogo wangu wa mwisho ameshika kidole changu, ukiangalia kwa makini utaona. Kivuli ni cha mama, ndiye aliyepiga. Ya pili ni ukuta huo huo, wanangu watatu, kivuli ni changu, nimepiga mimi. Na ya tatu, samahani nilisema mbili, ni ya baba na yule rafiki yake wanacheka. Majina kamili ya wote nimeyaandika nyuma kwa penseli, uyachape yote, isipokuwa huyo kijana wa kulia kwenye ya tatu, mwenye shati la mistari na pengo kidogo kwenye meno ya mbele. Chini yake naomba uandike tu: anayemfahamu atuambie.

Msomaji wako wa siku zote